SOMO: GARI LA CHAMA LINAPOKATAA KUWAKA ALFAJIRI

Somo la toleo hili linahusu gari la chama, na hasa gari kuukuu la petroli ambalo hukataa kuwaka asubuhi za baridi. Huenda baadhi ya makatibu wakashangaa kuona mkaguzi, ambaye kazi yake ni vitabu na stakabadhi, anaingilia kazi ya fundi makanika. Lakini ubovu wa aina hii hujitokeza kwanza katika hati za malipo. Nimepitia majalada ya vyama kadhaa vya nyanda za juu kusini, na zaidi ya mara moja nimekuta betri imenunuliwa mwezi Juni, kabureta mwezi Julai, pampu ya mafuta mwezi Agosti, na gari lenyewe bado linasukumwa kila asubuhi na walinzi wawili na mpishi. Kila hati ilikuwa na sahihi zote zinazotakiwa. Katika jalada zima, hata hivyo, haikuwapo karatasi moja iliyosema ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba betri, au kabureta, au pampu, ndiyo iliyokuwa mbovu.

Wanachama wa Mbinga, Mbozi na kwingineko kwenye miinuko wanajua kwamba miezi ya baridi kali ndiyo pia miezi ya kahawa. Kahawa mbivu iliyochumwa haingoji: yapasa kumenywa siku ileile, la sivyo huanza kuchacha ndani ya ganda, na daraja lake hushuka. Gari likikataa kuwaka alfajiri, dizeli ya mashine ya kumenyea haifiki kituoni, magunia hayafiki, na mkulima aliyeamka mapema kuchuma hulipwa bei ya daraja la chini kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo yafaa katibu ajue walau namna ya kuuliza maswali ya maana kabla ya kutia sahihi.

Kwa mfano wetu tutatumia Land Rover ya toleo la tatu, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Magari haya yangalipo katika baadhi ya vyama, na injini yake ni rahisi kuielewa. Mengi ya tutakayosema yanafaa pia kwa Peugeot 504 ya petroli na magari mengine ya zamani yenye kabureta. Hayahusu gari la dizeli, wala magari ya siku hizi ambayo mafuta yake huingizwa kwa mitambo ya umeme.

BARIDI HUFANYA NINI

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa ya moto, petroli karibu yote hugeuka mvuke. Ikiwa ya baridi, ni ile sehemu nyepesi tu inayofuka. Iliyobaki hujibandika kwenye kuta za bomba la kuingizia na haina msaada. Ndiyo sababu gari likawekewa choki: kibao cha chuma kinachoziba koo la kabureta ili hewa ipungue na petroli ivutwe kwa wingi, kiasi kwamba hata sehemu ndogo inayofuka iwe inatosha kuwasha.

Wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini yazunguka kwa shida. Betri nayo hupungukiwa na nguvu katika baridi. Stata inapovuta umeme mwingi kutoka katika betri iliyo dhaifu, koili hubakiwa na umeme kidogo, na cheche ya plagi hufifia saa ileile inapohitajiwa zaidi. Hivyo alfajiri ya baridi huwa mtihani kwa kila kiungo cha gari, na kiungo chenye hitilafu ndogo, ambacho mchana hakijulikani, hapo ndipo kinapojitangaza.

MANENO YA DEREVA

Chama kimoja kilikuwa na Land Rover iliyotaka kuzungushwa dakika nyingi kila asubuhi hadi betri inakufa. Betri mpya ikanunuliwa, kisha kabureta mpya. Dereva alikuwa amesema tangu mwanzo: "Likishawaka asubuhi, mchana kutwa halina neno. Hata nikilizima saa nzima mnadani, naligusa mara moja tu." Hakuna aliyeyaandika maneno hayo, nayo ndiyo yaliyokuwa na jibu. Kama kabureta ingalikuwa mbovu, gari lingalisumbua na mchana pia, mlimani hasa. Kama betri ingalikuwa mbovu, stata ingalizunguka polepole tangu mzunguko wa kwanza. Lakini hapa ilizunguka vizuri, ikachoka baadaye kwa sababu ya kuzungushwa mno.

Alikuja fundi mzee, mstaafu wa karakana. Alifika kabla ya mtu yeyote kugusa stata. Akafungua boneti, akaushika ule mkono mdogo wa kupampia ulio ubavuni mwa pampu ya mafuta, akaupampu polepole kama mara ishirini hadi ukawa mwepesi. Kisha akamwambia dereva avute choki na kuwasha. Injini ikapokea mara ya kwanza. Mzee yule akasema: "Baridi haina kosa hapa, ndugu zangu. Petroli yenu inarudi tangini usiku."

Inafaa tueleze maana ya kipimo hicho, kwa kuwa ni bora kuliko vyote nitakavyovitaja na hakigharimu senti. Ndani ya kabureta mna bakuli dogo ambamo petroli hungoja. Bakuli likijaa, petroli iliyo katika pampu hukosa pa kwenda, nao mkono wa kupampia hauna tena uzito. Hapo ndipo tunapojua limejaa. Mkono huo ukihitaji kupampiwa mara nyingi asubuhi, maana yake ni kwamba bakuli na mpira vilikuwa vitupu. Na gari likiwaka upesi baada ya kupampiwa, basi plagi, koili na choki hazina lawama. Tahadhari moja: ikiwa injini imesimama mahali ambapo mhimili wake unausukuma mtambo wa pampu, mkono utakuwa mwepesi tangu mwanzo ingawa bakuli ni tupu. Izungushe injini mzunguko mmoja kisha jaribu tena.

Pampu nyingi mpya za bei nafuu hazina mkono huo. Mwagizaji wa vipuri hupunguza gharama yake, nasi hupoteza kipimo chetu. Katibu anapoagiza pampu kwa gari la aina hii, na aandike wazi katika hati ya kuagizia kwamba inatakiwa yenye mkono wa kupampia.

MPIRA USIOVUJA

Lakini kwa nini petroli irudi tangini? Hapa ndipo mafundi wengi vijana hukosea, kwa sababu wanatafuta mahali palipolowa.

Bomba la mafuta lina pande mbili. Kati ya pampu na kabureta, petroli inasukumwa. Mpira wa upande huo ukipasuka, petroli huchuruzika, harufu husikika, na kila mtu huona. Kati ya tangi na pampu, petroli inanyonywa. Mpira wa upande huu ukipata ufa juu ya usawa wa petroli, haudondoshi kitu. Unavuta hewa ndani. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi, pampu hushinda hewa hiyo kidogo na gari linakwenda. Gari likilala, hewa huingia kupitia ufa, na petroli yote iliyo katika mpira hushuka tangini kwa uzito wake. Asubuhi pampu hulazimika kuivuta upya kutoka mbali, nayo stata huzunguka bure kwa muda wote huo.

Katika chama nilichokitaja, ufa ulikuwa chini ya klipu, mfupi kuliko ukucha, kwenye kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja. Ulipokatwa mpira mpya na klipu kukazwa, ugonjwa ukaisha. Kabureta ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilikwisha kutupwa.

Kama mpira ni mzima, zitazamwe valvu ndogo za ndani ya pampu, ambazo kazi yake ni kuizuia petroli isirudi. Uchafu mdogo kama punje ya mchanga huziacha wazi. Kitazamwe pia kiwambo cha mpira cha pampu. Kikipasuka, petroli yaweza kupita na kuingia katika oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Oili ikinuka petroli, au ikizidi alama ya juu bila ya mtu kuongeza, gari lisiwashwe kabisa: oili iliyopunguzwa nguvu kwa petroli haiwezi kulinda injini, na mvuke wake unaweza kulipuka. Injini huuawa kwa njia hii, kisha ripoti huandikwa kwamba "imechakaa."

PLAGI KAVU NA PLAGI ILIYOLOWA

Endapo kupampia hakukusaidia, zungusha injini kwa stata mara tatu nne huku choki imevutwa, kisha fungua plagi moja au mbili uzitazame mara moja. Plagi ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Plagi ikiwa imelowa, petroli imefika, na tatizo ni moto wa plagi au petroli iliyozidi mno. Njia panda hii huokoa fedha nyingi, maana mtu hawezi tena kuuziwa koili kwa ajili ya plagi kavu.

Kwa plagi kavu tunaanza na tangi. Geji ya magari haya ni shahidi asiyeaminika. Tumia kijiti safi. Kisha legeza kifuniko cha tangi usikilize. Kikivuta hewa kwa mlio, na gari likaanza kupokea mafuta baada ya hapo, basi kitundu cha kupumulia kimeziba, na tangi lilikuwa linaikatalia pampu petroli. Dalili ya kitundu kilichoziba ni gari kuzimika baada ya mwendo wa kilometa kadhaa, kisha kuwaka tena baada ya kupumzika. Wapo waliosema ni majini ya darajani. Yalihamishwa kwa sindano ya kushonea.

Pampu nyingi za asili zina bakuli la kioo chini yake. Litazame. Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo maji utayaona chini kama shanga. Vyama vinavyoweka petroli katika mapipa na viangalie hapo kwa makini. Pipa lililosimamishwa wima nje hukusanya maji ya mvua juu ya kizibo; mchana hupata joto na kutoa hewa, usiku hupoa na kuvuta hewa ndani pamoja na maji hayo. Pipa lilazwe au liinamishwe chini ya paa, na petroli imiminwe kupitia chujio.

Hatimaye fungua bomba linaloingia katika kabureta, lielekeze katika kopo la bati, na mtu azungushe stata. Petroli itoke kwa mikupuo yenye nguvu, mmoja baada ya mwingine. Ikitoka na mapovu, tafuta ufa upande wa tangi. Ikitoka safi na kwa nguvu huku plagi zikiwa kavu, basi ndipo, na ndipo tu, tunapopata sababu ya kuifungua kabureta.

Kipimo hiki ni cha hatari, wala sitaki kisomwe kwa haraka. Kabla ya kuzungusha stata, chomoa waya mnene wa katikati ya kofia ya distributa na kuufunga kwenye chuma cha injini, ili cheche isiruke hovyo. Kazi ifanyike nje, mchana, pasiwepo sigara, kibatari wala jiko karibu, na ndoo ya mchanga iwe tayari. Na ile desturi ya kummiminia gari petroli kooni kwa kifuniko cha chupa huku mwenzako anawasha, ikomeshwe katika vyama vyetu. Injini ikikohoa kwa nyuma, moto hutokea pale pale alipoinama mtu. Dereva aliyeungua uso si hasara inayoweza kuingizwa katika daftari lolote.

KABURETA, CHOKI NA MOTO

Kabureta isifunguliwe kabla ya kuangalia mambo mawili kwa macho. Ondoa mpira wa hewa, kisha mtu avute kitufe cha choki. Je, kile kibao kinafunga koo lote? Aghalabu waya umeteleza kwenye skrubu yake, kitufe kinatoka lakini kibao kinabaki nusu wazi. Hii ni kazi ya bisibisi moja. Halafu, injini ikiwa imezimwa, sukuma pedeli ya mafuta huku ukitazama ndani: mstari mwembamba wa petroli urushwe. Usiporushwa, ama bakuli ni tupu ama pampu ndogo ya ndani imekwama.

Kabureta ya Zenith ya Land Rover hizi ina ugonjwa wake maarufu. Kifuniko chake cha juu hupinda kwa kukazwa mno, na pete yake ya mpira hukauka, basi petroli hupita pasipotakiwa. Gari hula mafuta kupita kiasi, hutoa moshi mweusi na kuzimika likiachwa liunguruma polepole. Dawa ni kusawazisha uso wa kifuniko juu ya kioo chenye msasa laini na kubadili pete. Kununua kabureta nzima kwa ajili hiyo ni ubadhirifu.

Kwa plagi zilizolowa, zikaushe, safisha, na kurekebisha mwanya kati ya milimita 0.75 na 0.80. Pointi za distributa ya Lucas ziwe na mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40. Futa umande ndani ya kofia kwa kitambaa kikavu. Katika miinuko yetu umande peke yake hutosha kulaza gari. Klipu za betri zikwanguliwe, na waya wa betri unaoingia kwenye chesisi usisahauliwe, kwani kutu yake hufanana kabisa na betri mbovu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu, na yahitaji kuchajiwa, si kubadilishwa.

Wenye hendeli na waitumie: huonyesha upesi kama injini ina mgandamizo katika silinda zote nne. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kamwe kisizungushwe kuishika hendeli. Ikirudi nyuma itakivunja. Silinda moja au mbili zikizunguka bila ukinzani, pima mianya ya tapeti, ambayo kwa injini hii ni milimita 0.25. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006. Lilikuwa jambo jema kwa afya ya watoto, lakini risasi hiyo ilikuwa pia ikilinda viti vya valvu katika injini za zamani ambazo viti vyake si vya chuma kigumu. Valvu huzama kidogo kidogo, mwanya wa tapeti hupungua, valvu hazifungi sawasawa, na gari hukosa nguvu ya kuwaka katika baridi.

PETROLI YENYEWE

Yawezekana gari ni zima na petroli ndiyo mbovu. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huwaka kwa shida katika baridi, kwa kuwa mafuta ya taa hayafuki upesi. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutumia vinasaba ili kutambua mafuta yaliyochanganywa, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya mchezo huo. Hata hivyo, chama kinachonunua kwa madumu kando ya barabara hakina kinga. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka baada ya dakika chache bila kuacha doa. Yenye mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Petroli iliyokaa tangini tangu msimu uliopita nayo hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zile zinazohitajiwa alfajiri.

KATIKA VITABU VYA CHAMA

Ndugu Katibu, kabla hujatoa hati ya kuagizia kipuri chochote cha gari, mtake fundi aandike mambo matatu katika karatasi moja: dereva anasema nini, kipimo gani kimefanywa, na kimeonyesha nini. Karatasi hiyo ibanwe pamoja na hati ya malipo. Kipuri kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, na gari lijaribiwe asubuhi inayofuata kabla ya kugusa kingine, maana ukibadili vitatu kwa pamoja hutajua kamwe ni kipi kilichoponya. Kipuri cha zamani kirudishwe stoo kikiwa na kibandiko cha tarehe. Fundi anayekataa kukirudisha asilipwe mpaka akilete. Dereva naye, katika kitabu cha safari, aandike kila asubuhi gari limewaka baada ya kuzungushwa mara ngapi. Tarakimu hizo zikipanda kutoka mbili hadi tano hadi tisa katika wiki moja, kamati itapata onyo kabla ya siku ya kukwama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Gari huwaka kwa shida asubuhi tu, na mchana halisumbui. Mfanyabiashara anashauri mnunue kabureta. Mtamtaka fundi afanye vipimo vipi kwanza, na kwa mpangilio gani?

2. Kwa nini mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu hauonyeshi unyevu? Chukueni mrija na glasi ya maji, mtoboe tundu dogo katika mrija juu ya maji, mnyonye, kisha mweleze mlichokiona.

3. Pitieni hati za matengenezo ya gari la chama chenu za miezi 12 iliyopita. Ni vipuri vingapi vilivyonunuliwa vikiwa na maelezo ya kipimo, na vya zamani viko wapi?